Kupima, kurekodi, kucheza au kukaa nao: njia ipi ya etnomuzikolojia inakufaa?

Mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu kuhusu ngoma ya kwao, taarabu au marimba hukwama mahali pamoja: sura ya mbinu za utafiti. Vitabu vinamtajia Wajerumani, Wamarekani na Waghana kana kwamba wote walifanya kazi moja, kisha msimamizi anamwambia achague mkabala. Hawakufanya kazi moja. Etnomuzikolojia, yaani taaluma ya kuuchunguza muziki pamoja na watu wake, ilianza kwa jina la muzikolojia linganishi, ikapewa jina lake la sasa na Mholanzi Jaap Kunst mwaka 1950, na chama chake cha Marekani, Society for Ethnomusicology, kikaundwa mwaka 1955. Katika safari hiyo yote kila mtu alikuwa na kitu chake mkononi. Mmoja alikuwa na mashine lakini hasafiri. Mwingine alikuwa na gari na maikrofoni, mwingine ala na walimu wa kuzipiga, mwingine nafasi ya kukaa kijijini kwa miezi mingi. Kila mmoja aligeuza alichokuwa nacho kuwa mbinu, halafu wanafunzi wake wakaiita shule. Kwa hiyo kabla ya kuuliza shule ipi ni bora, angalia una nini.

Nitazilinganisha njia nne kwa vigezo vile vile: zinajibu swali la aina gani, zinakudai nini (muda, pesa, vifaa, lugha), zinawaachia nini wenye muziki, na zinakwama wapi. Ili tusielee hewani nitashika mfano mmoja, muziki wa Buganda, ufalme ulio Uganda, hasa ule wa ikulu ya Kabaka, mfalme wake. Ni muziki uliopitiwa na njia zote nne, tena na watu waliojua kazi yao.

Kupima

Mwaka 1885 ndio watu wengi huanzia. Guido Adler alichapisha mpango wake wa matawi ya muzikolojia na kutenga tawi la kulinganisha muziki wa mataifa. Mwaka huo huo Mwingereza Alexander Ellis alitoa vipimo vya skeli, yaani ngazi za sauti, za sehemu mbalimbali za dunia. Ellis aliigawa oktava katika senti 1,200, yaani senti 100 kwa kila nusu-toni ya piano, akafikia hitimisho lililowaudhi wengi: hakuna skeli moja ya asili ambayo wanadamu wote wameumbiwa. Na Ellis huyu hakuwa na sikio la muziki. Kazi ya kusikiliza alimwachia mwenzake, Alfred Hipkins.

Mwaka 1900 Carl Stumpf alirekodi kundi la wasanii wa Siam, Thailand ya leo, waliokuwa Berlin, na silinda zile za nta zikawa mwanzo wa Phonogramm-Archiv. Erich von Hornbostel aliongoza hifadhi hiyo hadi 1933, Wanazi walipomwondoa kazini kwa sababu mama yake alikuwa Myahudi. Utaratibu wa Berlin ulikuwa rahisi: wasafiri, wamisionari na maafisa wa makoloni walikabidhiwa fonografu, wakarekodi huko waliko, wakarudisha silinda. Ndivyo Hornbostel alivyoweza kuchapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi mwaka 1909 akiwa Ujerumani.

Swali la njia hii ni moja: sauti imejengwaje? Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyeishi Uganda na kuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, mwaka 1950 aliandika katika jarida la Nature kuhusu kinubi cha Kiganda kilichokazwa kwa hatua tano zinazokaribia kulingana. Oktava ukiigawa kwa tano sawasawa unapata senti 240 kwa kila hatua, umbali ambao hauupati popote kwenye kinanda cha kanisani. Jambo kama hilo sikio lililolelewa na do-re-mi huliita "kinubi kimetoka nje ya tuni". Kipimo kinasema kimekazwa kwa makusudi.

Kwa gharama, hii ndiyo njia rahisi kuliko zote leo. Programu za kuchambua sauti kama Praat na Sonic Visualiser ni za bure, na rekodi safi ya simu iliyowekwa karibu na ala inatosha kuanzia. Muda mwingi utautumia mezani.

Wenye muziki hawapati kikubwa. Namba za senti zinaweza kumsaidia fundi anayetaka kutengeneza upya ala iliyovunjika, na mgawanyo wa ala ambao Hornbostel na Curt Sachs waliutoa mwaka 1914, kwa kuangalia kama kinacholia ni mwili wa ala, ngozi, uzi au hewa, bado unapanga rafu za makumbusho. Bibi aliyeimba kwenye silinda hakupata chochote, na mara nyingi hata jina lake halikuandikwa.

Inapokwama, hukwama vibaya. Hornbostel aliamini kwamba skeli nyingi zilisambaa kutoka China ya kale kupitia mianzi ya kupuliza iliyotoa umbali wa do hadi so wa senti 678 badala ya 702. Kwa hesabu hizo marimba za Afrika zikaunganishwa na za Indonesia. Katika miaka ya 1930 Manfred Bukofzer alionyesha kwamba mianzi haifanyi hivyo. Hesabu ilikuwa nzuri, hadithi iliyojengwa juu yake ikaporomoka. Namba mbili zikifanana bado hujui kama watu wawili waliwahi kukutana.

Njia hii inamfaa mwenye swali la tuni, skeli au ujenzi wa ala, na pia mwenye rekodi tayari lakini asiye na nauli.

Kurekodi na kuhifadhi

Hugh Tracey alizaliwa Uingereza mwaka 1903 na kwenda Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, kwenye shamba la tumbaku la kaka yake. Mwaka 1954 alianzisha International Library of African Music, ILAM, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mfululizo wake wa santuri unaoitwa Sound of Africa una zaidi ya santuri 200. Mwaka 1950 na 1952 alizunguka Afrika Mashariki. Maikrofoni aliishika kwa mkono, akiisogeza kutoka kwa mwimbaji hadi kwenye ngoma wakati wimbo unaendelea, kwa hiyo mizani ya sauti unayoisikia leo ni uamuzi wa mkono wake.

Alirekodi muziki wa ikulu ya Mengo, zikiwemo entenga, zile ngoma za Kabaka zilizokazwa ili zitoe wimbo kama marimba. Mei 1966 jeshi la Milton Obote, kiongozi wa Uganda, likaivamia ikulu, Kabaka akakimbilia uhamishoni, na wanamuziki wa ikulu wakatawanyika. Mwaka uliofuata falme zikafutwa, zikarudishwa mwaka 1993. Waliotaka kujua entenga ilisikikaje kabla ya 1966 walikuwa na pa kuanzia kwa sababu mtu mmoja alipita na mashine miaka 14 kabla. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba dirisha linafungwa.

Swali la njia hii ni dogo: kuna nini, nani anakipiga, wapi? Wasomi wa nadharia huidharau kwa udogo huo. Mimi siidharau. Swali kubwa halina pa kushika kama rekodi haipo.

Mahitaji yake ni ya kati. Vifaa vimeshuka bei, ila kazi ya karatasi haijashuka: jina la mpigaji, mahali, tarehe, lugha, maneno ya wimbo, ridhaa ya kurekodi, ridhaa tofauti ya kusambaza, na kibali cha utafiti (COSTECH Tanzania, NACOSTI Kenya, UNCST Uganda). Rekodi isiyo na maelezo haya, baada ya miaka kumi ni kelele tu kwenye diski.

Kwa wenye muziki, hapa ndipo penye faida kubwa au hasara kubwa. Mwaka 1950 Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis, Kapkatet nchini Kenya, wakiimba "Chemirocha", jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefika kwao kupitia santuri. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya ILAM, pamoja na mradi wa Singing Wells wenye mguu mmoja Nairobi, kuzirudisha rekodi za Kipsigis kwa jamii. Rekodi za Wachsmann nazo zilikaa London hadi mtafiti Sylvia Nannyonga-Tamusuza aliposhughulikia nakala zake zifike Makerere, ambako sasa kuna hifadhi yenye jina la Wachsmann. Kurudisha kunawezekana. Tatizo ni kwamba kwa kawaida hakumo kwenye bajeti.

Inakwama kwenye muktadha. Vipande vingi vya Tracey ni vya dakika chache, kwa kipimo cha sahani za santuri za enzi zile, na ngoma ya usiku mzima haiingii humo. Tena mrekodi huchagua. Kwa haki yake, Tracey hakukimbia kila kipya: mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, alimrekodi Mwenda Jean Bosco na gitaa lake, na Waswahili wa Katanga wakapata nyota.

Inamfaa mwenye kufika kwa wazee sasa hivi, mwenye subira ya kuandika maelezo, na chuo au maktaba iliyokubali kwa maandishi kutunza nakala.

Kucheza

Mantle Hood alisoma kwa Jaap Kunst, Amsterdam, na mwaka 1960 aliandika makala iliyompa jina, kuhusu mtu mwenye muziki wa aina mbili mwilini. Mfano wake wa kwanza ulikuwa wapigaji wa muziki wa ikulu ya Mfalme wa Japani, ambao walikuwa mahiri katika gagaku na pia katika muziki wa Ulaya. Katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliwaketisha wanafunzi mbele ya gamelan, kundi la ala za Java. Huwezi kuandika kuhusu muziki usioweza kuupiga, ndio msimamo wake.

Amadinda, marimba ya Kiganda, inaonyesha kwa nini msimamo huo una nguvu. Vipande 12 vya mbao hulazwa juu ya migomba miwili. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, kila upande mmoja. Wa kwanza, omunazi, anaanza mstari wake kwa mapigo yaliyo sawa, bila pambo. Wa pili, omwawuzi, anaingiza mapigo yake katikati ya yale, kila lake kwenye nafasi iliyoachwa. Mwendo unakuwa wa kasi mara mbili kuliko mkono wa yeyote kati yao. Wa tatu, omukoonezi, ana vipande viwili tu vya juu kabisa, na kazi yake ni kuusikia mstari unaotokea kwenye vipande viwili vya chini kabisa na kuurudia oktava mbili juu. Sasa, mstari huo wa chini hakuna aliyeupiga peke yake. Umetokana na mikono ya wawili.

Gerhard Kubik, kijana kutoka Vienna, hakuwa mwanafunzi wa Hood, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 alijifunza amadinda kwa Evaristo Muyinda, Kampala. Kutokana na kuketi pale aliandika mwaka 1962 kuhusu mistari inayosikika bila kupigwa na mtu, iliyozaliwa sikioni. Rekodi peke yake ingemfikisha hapo kwa shida, maana kwenye rekodi unasikia tokeo tu, mgawanyo wa mikono haujitangazi.

Swali la njia hii, basi, ni: muziki huu unatengenezwaje, na mpigaji anafikiri nini akiwa ndani yake? Inakudai mwalimu na miezi, bora miaka. Pesa si nyingi, isipokuwa umlipe mwalimu wako. Mlipe.

Inachowaachia wenye muziki ni mwanafunzi. Hilo si dogo, kwa mwalimu ambaye vijana wa kwao wameacha kuja. Ila tazama pia jina la nani linabaki kwenye jalada la kitabu. Muyinda anatajwa, wengine wengi hawatajwi.

Inakwama pale mwanafunzi anapodhani vidole vyake vimemfanya mwenyeji. Mtu anaweza kupiga amadinda vizuri asijue kwa nini ikulu ilikuwa na wapigaji hao, wala walipata nini kwa kazi hiyo. Lingine linatuhusu sisi: Hood alilitaja jambo hili kama changamoto kwa mwanafunzi wake, lakini mwanakwaya wa Moshi au Kisumu anasoma solfa Jumapili, Jumamosi amecheza ngoma harusini, na simuni ana bongo fleva. Ana muziki wa aina tatu mwilini tangu utotoni. Kwake swali ni namna ya kutenganisha alichokwisha kujua ili aweze kukieleza.

Inamfaa mwenye mkono mwepesi, mwalimu wa karibu, na swali linalohusu ufundi wenyewe.

Kukaa nao

Alan Merriam wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alitoka kwenye anthropolojia. Katika kitabu chake cha 1964, The Anthropology of Music, alitaka muziki utazamwe kwa mambo matatu pamoja: mawazo ya watu kuhusu muziki, matendo yao, na sauti yenyewe. Afrika aliifahamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alirekodi Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, na mwaka 1959 hadi 1960 aliishi Lupupa Ngye, kijiji cha Wasongye huko Kongo.

Kutoka Lupupa Ngye alitoka na jambo ambalo fonografu isingelileta. Wanakijiji walimwambia kwamba wanamuziki ni wavivu, walevi, wenye madeni na wazinzi, na kwamba wasingependa watoto wao wawe hivyo. Walipoulizwa kama kijiji kingeweza kuishi bila wanamuziki, walilikataa wazo hilo katakata. Dharau na uhitaji mdomoni mwa mtu yule yule. Aliyewahi kulea bendi ya mtaani Dar es Salaam au kumwoza binti kwa mpiga gitaa atalielewa bila tanbihi.

Buganda mfano mzuri ni kitabu cha Nannyonga-Tamusuza kuhusu baakisimba, cha mwaka 2005. Anaifuata ngoma ile ikulu, kanisani na shuleni, na kuonyesha jinsi uanamume na uanamke unavyojengwa kwa mwili unaocheza. Senti 240 hazina la kusema hapo.

Swali: muziki unafanya kazi gani kati ya watu, na wao wanasemaje? Mahitaji: muda mwingi na lugha. Ukitegemea mkalimani, utapata majibu yaliyonyooshwa. Wenye muziki wanaachiwa maandishi yanayowataja kama watu, na wakati mwingine siri ambazo wasingependa zichapishwe. Liamue hilo pamoja nao mapema.

Inakwama pale muziki unapopotea. Nimesoma tasnifu nzima za aina hii zisizo na mstari mmoja wa wimbo ulioandikwa, zikizungumzia "utambulisho" kurasa mia mbili. Merriam alitaka mambo matatu. Wafuasi wengine walibaki na mawili. John Blacking, aliyefanya utafiti kwa Wavenda wa Afrika Kusini, alijitahidi kuyashika yote, na kazi yake ya nyimbo za watoto, ya 1967, ni dawa nzuri kwa ugonjwa huo.

Inamfaa anayejua lugha, anayeweza kukaa, na anayeuliza kuhusu watu zaidi ya kuhusu mbao na nyuzi.

Ukiwa mwenyeji

Wengine huhesabu uenyeji kuwa njia ya tano. Kwangu si njia, ila hubadilisha bei ya zote nne. Joseph Kyagambiddwa aliandika kuhusu muziki wa Baganda mwaka 1955, na Padri Stephen Mbunga kuhusu muziki wa Kibantu na sheria ya kanisa mwaka 1963. Kwabena Nketia alijenga taaluma nzima pale Legon, Ghana, akiwa na masikio na lugha ambayo Berlin isingeweza kununua. Kofi Agawu, Mghana mwingine, mwaka 2003 aliishambulia tabia ya taaluma hii ya kutafuta tofauti za Waafrika hata pasipo na tofauti. Msome kabla hujaandika neno "kipekee" kwenye utangulizi wako.

Ila uenyeji una tozo yake. Mgeni akiuliza swali la kitoto hujibiwa kwa upole. Wewe ukiuliza, mzee anakutazama: "Si unajua mwenyewe?" Hapo kupima na kucheza kunasaidia, kwa sababu kunakupa sababu ya kuuliza upya. "Mzee, hiki kipande kimelia juu kidogo kuliko kile, ndivyo kinavyotakiwa?" Swali kama hilo halimdharau mtu.

Kwa hali yako

Una mwaka mmoja wa shahada ya uzamili na huna ruzuku: chukua rekodi zilizopo ILAM, Makerere au kwenye maktaba ya redio, uzipime, kisha wahoji wapigaji wachache walio karibu. Usiahidi ethnografia ya kijiji kwa safari za wikendi.

Una miaka mitatu ya uzamivu na unazungumza lugha ya huko: kaa nao, na ujifunze ala moja hata kama tasnifu haihusu ala. Itakupa kazi ya kufanya siku ambazo hakuna mahojiano.

Wewe ni mwalimu wa muziki au mkufunzi wa chuo cha sanaa: anza na kucheza, kwa sababu utakachokipata kinaingia darasani muhula ujao.

Unafanya kazi makumbusho au hifadhi: mgawanyo wa 1914 na kanuni za kurekodi zitakutosha kwa muda mrefu, mradi pawe na mpango wa kurudisha nakala.

Umeshachagua ila msimamizi wako ni wa shule nyingine: andika swali lako kwenye karatasi moja na umwonyeshe kabla ya kutaja mbinu. Wengi hubishania majina ya mbinu na kukubaliana haraka kuhusu swali.

Na kama mpigaji unayemtaka ana umri mkubwa na hana mrithi, rekodi mwezi huu, kwa ridhaa na maelezo kamili, pande zote mbili za ala zionekane kwenye picha. Sura ya mbinu inaweza kungoja.